Mama Akiingia, Skrini Inazimika

Mtaani wanamwita Pengwini. Si jina alilopewa na wazazi, na wala hakuliomba. Lilitokana na stika aliyoibandika mlangoni mwa kibanda chake cha kazi: ndege mweusi, tumbo jeupe, ametulia kama mtu aliyevaa suti akingoja kuitwa kwenye usaili. Hiyo ndiyo alama ya Linux, ule mfumo wa bure anaoupakia kwenye kompyuta za watu badala ya mifumo ya kununua. Muuza mkaa wa jirani alipoiona mara ya kwanza aliuliza kuku wa aina hiyo wanauzwaje. Akaelezwa kwamba huyo ni pengwini na hauzwi. Basi, muuza mkaa akalichukua jina akambandika mwenye kibanda, na mtaa mzima ukalipokea kana kwamba ulikuwa ukilisubiri.

Kazi yake ni kompyuta zilizokataliwa, zile ambazo mafundi wengine wamezitazama, wakasonya, wakasema nunua nyingine. Yeye huzichukua. Na anazozipenda kuliko zote ni zenye matatizo ya picha: skrini inayotetemeka, skrini iliyojaa mistari, skrini nyeusi tii huku mashine yenyewe ikinguruma kama kawaida. Mtu mwingine akiona giza kwenye skrini hushika tama. Pengwini huvuta stuli akakaa.

Sasa ngoja niseme ukweli: Pengwini ni mbishi. Mbishi wa kuzaliwa. Mteja akija na kusema mashine yake ina mdudu, hamwachi hata aitue mezani.

"Umemwona?"

"Nani?"

"Huyo mdudu."

"Aa, fundi, ni kusema tu..."

"Basi usiseme. Hakuna mdudu, hakuna jini, hakuna mkosi. Kuna sababu. Niambie ilianza lini, na ulikuwa unafanya nini."

Wateja wengine walichukia wakaondoka na mashine zao kwapani. Wengine walivumilia, kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kwenda.

Na sababu alikuwa anazipata, tusimnyime haki yake. Kuna mwalimu mkuu aliyemletea kompyuta ya mapajani ambayo picha yake imelala ubavu. Ofisini kwake walimu walikwisha kuizoea. Waliisimamisha kwa ubavu, wakaiegemeza kwenye rundo la vitabu, wakachomeka kibodi nyingine pembeni, maisha yakaendelea. Mitihani ya mwaka mzima ilichapwa hivyo. Pengwini akaikuta ina kifaa kidogo ndani cha kuhisi mashine imeinamia wapi, ili picha igeuke ikigeuzwa, na mfumo ulikuwa unaamini kifaa kimefungwa wima wakati kiwandani kilifungwa ubavu. Akauambia mfumo ukweli, picha ikakaa sawa. Mwalimu mkuu alishukuru sana. Haukupita muda akarudi: walimu wanalalamika, wamezoea ubavu, sasa shingo zinawauma. Pengwini akakataa kuirudisha ilivyokuwa. Wakarushiana maneno mpaka muuza mkaa akaja kuamua.

Kuna pia mwenye duka la dawa, yeye alikuwa akifungua programu haziji. Anabonyeza, kimya. Anabonyeza tena, kimya. Kumbe tundu moja nyuma ya mashine lilikuwa limelegea na likawa linatoa habari za uongo kwamba kuna skrini ya pili. Programu zote zilikuwa zinafunguka huko kwenye skrini ya pili, kusiko na mtu. Pengwini akaiita skrini hewa, kama wale wafanyakazi hewa wanaolipwa mshahara na hawajawahi kukanyaga kazini. Mwenye duka alicheka hadi akajifuta machozi. Pengwini hakucheka. Huwa hacheki utani wake mwenyewe, uso unabaki mkavu vile vile, na tabia hiyo ndiyo iliyokuja kumponza.

Nyumbani kwake kulikuwa na kompyuta moja tu iliyoheshimiwa, ya mkewe. Mkewe hupanga kurasa za vitabu vya shule: maneno hapa, picha ya mbuzi pale, zoezi la kwanza, zoezi la pili. Chumba chake cha kazi ni kile kidogo cha mbele, chenye pazia badala ya mlango, meza chini ya dirisha na skrini pana inayochukua nusu ya meza. Kwa muda mrefu alikalia kiti cha plastiki chenye ufa. Kisha ofisi moja aliyokuwa akiifanyia kazi ikahama, ikamwachia kiti cha maana, cha kuzunguka, chenye magurudumu na kile kimkono cha pembeni cha kukipandisha na kukishusha kwa hewa. Mke akakifunika kitambaa. Pengwini akakikalia mara moja, akasema kinamlevya, akarudi kwenye stuli yake.

Pikapu iliyoleta kiti ndiyo hiyo hiyo iliyopitia stendi kumchukua mama mzazi wa Pengwini na mizigo yake, maana mwenye pikapu alisema hawezi kuchoma mafuta mara mbili.

Mama alikuwa akiishi peke yake, mbali, na magoti yalishaanza kumgomea. Msimu wa mvua aliteleza bafuni, akalala pale sakafuni tangu asubuhi mpaka jirani alipokuja kuazima ungo. Pengwini alipopigiwa simu bisibisi ilimtoka mkononi.

"Mama hakai tena peke yake," alimwambia mkewe. "Nimemaliza."

"Na nani amekubishia?" mke akasema.

Mama akaja. Ni mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Ukimwacha na beseni tupu atalisugua. Majirani walipomuuliza kama ndiye aliyemzaa Pengwini, aliwajibu kwamba yeye alizaa mtu, hayo mengine watajua wenyewe. Mkamwana wake akampenda tangu siku hiyo.

Haukupita muda, mama akaingia chumba cha mbele na kikombe cha chai. Mkamwana akainuka, akakipokea kwa mikono miwili, kama inavyostahili. Skrini ikazimika. Ikakaa giza kwa kitambo cha kuvuta pumzi, halafu picha ikarudi. Hakuna aliyejali. Kesho yake mama akaja kuuliza chumvi imewekwa wapi: giza. Akaja kusema kuna mtu anabisha hodi: giza. Akaja na matunda, akaja na nguo zilizokauka, akaja kuaga anakwenda dukani, na kila akija mashine inafumba jicho.

"Mume wangu," mke akasema, "hii skrini ina mambo. Mama akiingia inazimika."

"Mama hana uhusiano wowote na skrini."

"Sijasema ana uhusiano. Nimesema akiingia inazimika."

Pengwini akasukuma kando kile kiti cha kulevya, akavuta stuli, akakaa. Akaingia kwenye logi, zile kumbukumbu ambazo mashine hujiandikia kila linapotokea jambo. Logi ikamwambia: skrini imechomolewa, skrini imechomekwa. Basi. Kana kwamba kuna mtu anapita anachomoa waya na kuurudisha. Hakuna aliyegusa waya. Akabadilisha draiva ya kadi ya picha, ile programu inayoiendesha. Akarudisha kiini cha mfumo cha zamani, kile cha kabla ya apdeti. Akauzuia mfumo usiilaze skrini kwa kubana umeme. Akahamisha waya tundu hili, tundu lile. Mama akapita kuuliza kama atakula sasa au baadaye. "Shikamoo, mama, baadaye," akajibu, macho kwenye kioo, makalio kwenye stuli. Skrini ikawaka tu, wala haikupepesa.

"Imepona," akatangaza.

Pengwini akarudi kibandani, mke akarudi kwenye kiti chake. Mama akaingia. Giza.

Hapo Pengwini akaanza kuchemka. Wateja kibandani wakawa wanaitwa kesho. Akabandika macho kwenye logi mpaka yakawa mekundu, na logi, kwa upole kabisa, ikaendelea kumwambia kwamba skrini imechomolewa na kuchomekwa. Alasiri moja alikuwa amekaa kwenye stuli ubavuni mwa mkewe, ameinamia nyaya, mama akaingia na sahani ya ndizi mbivu. Mke akainuka kumpokea. Skrini ikakata mbele ya pua ya Pengwini, mara ya kwanza kuiona kwa macho yake. Akageuka. Uso mkavu.

"Mama, wewe una gundu," akasema. "Ukikanyaga humu tu mashine inakata roho."

Mke akacheka, kwa kuwa anamjua mumewe. Mama hakucheka. Alimtazama mwanawe kidogo, akaiacha sahani mikononi mwa mkamwana, akatoka taratibu, mkono ukishika pazia lisipeperuke. Pengwini alikwisha kurudi kwenye logi yake.

Tangu hapo mama hakuingia tena chumba cha mbele. Alikuwa anasimama nje ya pazia. "Mwanangu, chai hii hapa," anasema, anaiweka chini, anaondoka. Akitaka kwenda barazani alikuwa anatokea mlango wa nyuma, anaizunguka nyumba nzima na magoti yale, ili asipite karibu na mashine. Simu ikiwa inachajiwa mezani, anahama meza. Redio alisema haipendi tena, ina kelele. Na skrini ikatulia, haikuonekana tena kuzimika, Pengwini akajipiga kifua. Alisema alijua tu ni ile draiva.

Halafu mama akasema anarudi kwake.

Alisema mezani, wakati wa kula, kama mtu anayeomba apitishiwe maji. Amekumbuka nyumba yake. Amekwisha zungumza na mwenye pikapu, atampeleka stendi.

"Nyumba gani, mama? Ile iliyokuangusha?"

"Nyumba haikuniangusha. Nilianguka mwenyewe."

"Na ukianguka tena?"

"Nitaamka."

"Na usipoamka?"

Mama akaendelea kula. Pengwini alibisha kwa mbele, akabisha kwa nyuma, akataja magoti, mvua, bafu, umbali. Lakini kubishana kunataka watu wawili, na mama hakutaka kuwa wa pili. Usiku ule Pengwini hakula akamaliza. Aliogopa. Aliiona ile sakafu ya bafu kana kwamba yuko pale, na safari hii hakuna jirani wala ungo.

Kwa kuwa hofu yake ilihitaji pa kwenda, ikamwendea mkewe.

"Umemfanya nini mama?"

"Mimi?" Mke akaweka chini nguo aliyokuwa akiikunja. "Mimi ndiye niliyemfanya? Wewe ndiye uliyemwambia ana gundu!"

"Nilikuwa natania!"

"Ulitania kwa uso gani? Uso huo huo unaoniambia nao bei ya nyanya? Mimi nakujua kwa sababu nimekuzoea. Mama yako hajakaa nawe tangu hujaota ndevu, atajuaje kama unatania?"

"Lakini mtu aondoke kwa neno moja tu!"

Mke akamtazama kwanza, halafu akakaa kitandani.

"Unajua kwa nini mama aliachwa na yule mume wa kwanza?"

Pengwini alijua kwamba kulikuwa na mume wa kwanza, kabla ya baba. Alilijua hivyo hivyo tu, na hakuwahi kuuliza zaidi.

"Wiki aliyoingia kwa mumewe, duka la mume likaungua," mke akasema. "Likateketea lote. Wakasema bibi harusi ameingia na nuksi. Wakamrudisha kwao na sanduku lake hata nguo hajazitoa. Kwao nako, kila ndoo ikipasuka ni yeye, kuku akifa ni yeye, mpaka baba yako alipokuja kumposa akiwa hasikilizi la mtu. Ameniambia juzi tukichambua maharage. Akasema alidhani ile nuksi ilishakwisha, kumbe inamfuata. Sasa imemfuata mpaka kwa mwanawe, bora aondoke kabla hajawaletea makubwa. Na akanikanya nisikwambie."

Masikio yalimwaka moto Pengwini. Mtu anayewafukuza wateja kwa neno mkosi, ndiye aliyemrushia mama yake gundu, mkosi ule ule, kama ganda la ndizi. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile ya kutamani ujifunike shuka ingali mchana.

Asubuhi alimfuata mama uani akapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Lile neno nilitania. Sikulipima."

"Najua, mwanangu. Nimeshakusamehe."

"Basi usiondoke."

Mama akamwekea mkono kichwani. "Lakini inazimika," akasema kwa upole. "Hilo hukutania."

Na hapo ndipo Pengwini, mbishi wa kuzaliwa, alipokosa la kubisha. Kwa sababu ilikuwa inazimika. Angeweza kuomba radhi mpaka magoti yatoboke, mama angeondoka tu, tena angeondoka amesamehe, na angelala sakafuni kwake akiamini ameinusuru nyumba ya mwanawe. Msamaha haukutosha. Ilitakiwa sababu.

Siku ya safari ikafika na sababu haijapatikana. Mizigo ya mama ilikuwa barazani. Mama mwenyewe amefunga kilemba, mkoba mkononi. Pikapu ikapiga honi nje.

"Mama," Pengwini akasema, "nakuomba kitu kimoja. Ingia chumba cha mbele."

"Ili izimike?"

"Ndiyo. Nataka izimike nikiitazama."

"Unataka kunipima kama waya."

"Nataka kuipima mashine. Wewe nisaidie tu, mama. Nakuomba."

Mama akavuta pumzi, akaingia. Mke alikuwa kwenye kiti chake, akainuka. Giza.

"Umeona mwenyewe," mama akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka kiasi kwamba mke akageuka akatazama dirishani.

"Toka, mama. Mke wangu, piga magoti huku nyuma ya meza, ushike waya usitikisike. Mama, ingia."

Mama akaingia. Mke yuko nyuma ya meza ameshika waya. Picha ya mbuzi wa darasa la tatu ikabaki pale pale, imetulia.

"Ni waya!" Pengwini akapaza sauti.

"Mbona sasa hivi sijaushika na inawaka?" mke akauliza, amenyanyua mikono juu.

Hapo pikapu ikapiga honi tena. Pengwini jasho linamtoka. Mke akasema kwamba yeye amechoka kupiga magoti, akainuka akasimama pembeni. Basi Pengwini akakaa yeye kwenye kile kiti cha kuzunguka, akajisogeza mezani, macho kwenye kioo.

"Mama, toka. Haya, ingia."

Mama akaingia. Hamna kitu.

"Toka. Ingia."

Hamna kitu. Skrini inang'aa kwa raha zake.

"Toka tena, mama, halafu..."

"Sitoki!" Mama akaupiga mkoba wake kwenye fremu ya mlango. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti namna ile. "Magoti yangu haya unayaona? Naingia, natoka, naingia, natoka, kama mbuzi aliyekosa zizi! Na wewe umekaa! Mama yako anaingia chumbani, umekaa! Hata kuinuka hukuinuka. Mwenzio, mtoto wa watu, kila nikiingia husimama. Kila siku! Wewe niliyekuzaa umenipa kisogo!"

Aibu ikamnyanyua Pengwini kabla hajafikiri. Akasimama wima.

Skrini ikazimika.

Picha ikarudi. Pengwini akakaa, taratibu. Akasimama. Giza. Picha ikarudi. Akakaa, akasimama. Giza.

"Mama," akasema, "nenda mpaka barabarani."

"Nimesema sitoki."

"Basi fumba macho. Hapana, usifumbe. Tazama." Akakaa, akasimama. Giza. "Wewe umesimama hapo hapo, hukuingia, hukutoka. Umeona?"

Mke akaweka mkono mdomoni. Mara moja alikuwa amekwisha kuelewa. Kila mama alipoingia, yeye alikuwa akiinuka kumpokea. Akiinuka kwa shughuli zake nyingine huwa ameshaipa mashine kisogo, anaelekea mlangoni, na picha inarudi kabla hajageuka. Lakini mama akiingia, yeye husimama pale pale, uso kwa skrini. Na mume naye, kwenye stuli yake ya mbao, wala hajawahi kumsimamia mama yake.

Pengwini akaeleza, na safari hii alieleza polepole. Mtu akiinuka ghafla kwenye kiti cha namna ile, kitambaa na nguo zimesuguana, kiti kinaruka juu kwa ile hewa yake, kinatoa cheche ya umeme usioonekana, kama ile inayokuuma ukivua sweta. Waya wa skrini ni mwembamba, wa bei ya chini, hauna kinga. Unaidaka ile cheche, mashine inadhani skrini imechomolewa. Waya mnene utamaliza kila kitu. Kiti kilikuja siku moja na mama, kwa pikapu moja, na wote wakamtazama mama.

"Kaa wewe, mama," akasema. "Kaa, halafu uinuke."

Mama akakaa ukingoni mwa kiti, kwa tahadhari, kama mtu aliyeketishwa juu ya mayai. Akainuka. Skrini ikazimika, ikawaka. Akakaa tena.

"Ni kiti," akasema.

"Ni kiti, mama."

"Si mimi."

"Si wewe. Haijawahi kuwa wewe."

Mama akaupangusa mkono wa kiti kwa ncha ya kanga yake. Walitegemea acheke. Hakucheka. Alikuwa anafikiri, na uso wake ulikuwa umekwenda mbali.

"Na lile duka?" akauliza.

Pengwini akatazamana na mkewe. Hilo halikuwa na logi. Alitamani aseme jambo la kufariji, akakumbuka jinsi maneno yake ya kusema tu yalivyofanya kazi, akaamua kuuliza kama anavyowauliza wateja wake.

"Dukani waliuza nini, mama?"

"Mafuta ya taa. Na vibiriti, sabuni, vitu vidogo vidogo. Lakini hasa mafuta ya taa. Mapipa yalikuwa humo humo ndani."

"Na huyo mumeo, alikuwa anavuta?"

"Sigara?" Mama akafikiri. "Haikumtoka mdomoni. Hata akipima mafuta."

Alilisema lile neno, kisha akalisikia. Mkoba ukamteleza mapajani, ukaanguka, naye hakuuokota.

"Hakuna aliyeuliza," akasema. "Walinitazama mimi. Na mimi nikajitazama."

Nje honi ikalia, ndefu, ya mtu aliyekwisha kukasirika.

"Mwambie aende zake," mama akasema.

Pengwini akatoka kumwambia. Aliporudi na mizigo mikononi, mama alikuwa bado amekaa pale pale, machozi yanamtiririka wala hayafuti, na mkamwana amepiga magoti mbele yake, amemshika mikono yote miwili.

"Nilikuwa binti mdogo tu," mama alikuwa akimwambia. "Mtoto wa watu, nimefika juzi, hata chumvi ya mboga sijajua kuikadiria. Duka lao ningeliunguzaje?"